Lifti ya Viti na Ukurasa Nilioandika Mapema

Mwaka 2001, majira ya kupukutika kwa majani, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, niliajiriwa kuwakalisha watu kwenye viti. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 15 Oktoba. Maelezo ya kazi yalikuwa mafupi: kiti kikija, kishike, mtu akiketi, kiachie. Nilikubali siku hiyo hiyo, kwa kuwa kazi niliyokuwa nayo ya kufua mashuka ya hoteli ilikuwa imeanza kuniharibu mgongo.

Viti hivyo havikuwa vya sebuleni. Kaskazini mwa Birmingham, nyumba za Kingstanding zinapokwisha na kabla hujafika kwenye bustani za matajiri wa Sutton Coldfield, kuna kilima ambacho watu hukiteremka kwa skii mwaka mzima bila theluji. Kimetandikwa mazulia ya plastiki yenye meno kama ya brashi ya kufulia, nayo hunyunyiziwa maji ili yateleze. Kutoka chini hadi kileleni ilikuwapo lifti ya viti: kamba nene ya chuma iliyoungwa ncha kwa ncha, ikizunguka baina ya magurudumu mawili makubwa, moja chini na jingine juu, huku ikibebwa na nguzo tisa. Viti ishirini na sita vilining'inia kwenye kamba hiyo, kila kimoja cha watu wawili. Iliendeshwa na injini ya dizeli iliyokohoa moshi mweusi kila asubuhi kabla haijakubali kuamka.

Ninyi vijana wa ushirika wetu wa kanisani mmeniuliza, mara nyingi kwa Kiingereza, ilikuwaje mama wa Kitaita akawa fundi wa mtambo kama huo. Ninawajibu kwa Kiswahili, na mtakapokwama wazazi wenu watawasomea. Nitaeleza yote, hata lile ninaloona haya kulieleza. Lifti ile ilipozeeka na ikabidi ama ifanywe upya ama ivunjwe, uamuzi ulikuja kusimama juu ya ukurasa mmoja niliouandika kwa mkono wangu. Ukurasa huo haukuwa wa kweli, na aliyejua hivyo alikuwa mimi peke yangu.

Lakini kwanza niwaambie kuhusu Len.

Len alikuwa fundi mkuu, Mwingereza wa Castle Vale, mwembamba, mwenye sikio moja lililokufa kwa kelele za viwandani. Aliniita "bab", kama watu wa Birmingham wanavyomwita mwanamke yeyote wanayemtakia mema, awe mjukuu wao au karani wa benki. Injini ya dizeli aliiita Doris. Alikuwa akiibembeleza kila asubuhi: "Haya, Doris, usinitie aibu mbele ya wageni." Siku ya kwanza nilidhani Doris ni mkewe, nikashangaa mwanamke gani analala ndani ya kibanda cha mabati.

Wiki ya tatu nilifanya kosa langu la kwanza. Nilikuja kazini nimejitanda leso juu ya koti, kwa sababu baridi ya Novemba ilikuwa imenishinda. Nikainama karibu na gurudumu kuu kuokota glavu ya mtoto. Gurudumu likaidaka ncha ya leso, likaivuta taratibu kama mtu anayevuta shuka kitandani. Bahati sikuwa nimeifunga. Leso yangu ilizunguka nalo mara mbili kabla Len hajabonyeza kitufe chekundu. Alikuja akiwa amepauka, akanitazama mikono, akanitazama shingo. Alipoona nimekamilika, ndipo alipopata nguvu za kutania.

"Gurudumu limekupenda, bab. Limekuvua nguo hata mwezi hamjamaliza."

Tangu siku hiyo, msichana kwa mvulana, yeyote niliyemfundisha nilimpekua kwanza: skafu, nywele ndefu, kamba za kofia. Mkija kufanya kazi na kitu chochote kinachozunguka, jipekueni hivyo hivyo.

Nilikuwa sina elimu. Shule niliiacha Wundanyi nikiwa darasa la tatu, ili nilee wadogo zangu. Kusoma na kuandika sawasawa nilijifunza hapa, kila Jumamosi asubuhi, katika darasa la watu wazima Kingstanding, nikiwa na miaka arobaini na minne, kwenye kiti kilichotengenezwa kwa makalio ya mtoto wa miaka minane. Hati yangu ikawa nzuri. Mwalimu aliionyesha darasa zima. Mtu ambaye hakunyimwa kalamu utotoni hawezi kujua jambo hilo lilinifanyia nini moyoni. Len alipogundua kwamba ninaandika vizuri kuliko yeye, alinikabidhi daftari la matengenezo, na pamoja nalo akaanza kunikabidhi kazi yenyewe.

Alinifundisha kusikiliza. Kila nguzo ina roda zake, yaani vile vigurudumu vidogo vinavyoibeba kamba, na kila roda ina beringi ndani yake. Len alikuwa na kijiti cha mti mgumu, kilicholainika kwa kushikwa. Aliweka ncha moja kwenye chuma na ncha ya pili kwenye mfupa nyuma ya lile sikio lake zima. Beringi yenye afya husema kitu kimoja, mfululizo, kama maji yanayokaribia kuchemka. Beringi kavu hutafuna. Inayokaribia kufa hunyamaza kidogo, halafu hugonga. "Ukisikia kimya mahali palipokuwa na sauti," aliniambia, "usishukuru. Panda ngazi." Nilipanda. Ijumaa tarehe 4 Julai 2008, nikiwa na miaka hamsini, nilipokea cheti cha ufundi mitambo kutoka chuoni. Mume wangu Mwadime, aliyekuwa dereva wa basi, aliomba ruhusa kazini, akavaa suti ya harusi yetu isiyofungika tena tumboni, akapiga makofi hadi wazazi wa wanafunzi wengine wakageuka.

Sasa jambo muhimu kuliko yote, na nisomeni pole pole. Kila kiti hushikwa na kamba kwa kibano cha chuma. Kibano kikikaa mahali pamoja muda mrefu, nyuzi za chuma zilizobanwa hapo huchoka, kwa sababu hupindishwa kila zinapopita juu ya roda ilhali haziwezi kujinyoosha. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa mlima hufungwa kwa siku nzima, na viti vyote huhamishwa. Unalegeza kibano, unakisogeza nyuma kwa urefu wa kiganja na dhiraa, unakikaza kwa spana ya kipimo, unapaka rangi mahali pake papya. Mara ishirini na sita. Jioni mikono haikunjuki. Halafu unaandika daftarini: siku, tarehe, hali ya hewa, umbali, kipimo cha kukaza, jina.

Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wangu. Jioni mikono yangu ilikuwa grisi tupu, na grisi ya kamba haitoki kwa sabuni. Nilipoandika jioni, ukurasa ulichafuka, na hati yangu ikaonekana kama ya mtu asiyejua. Basi nikajizoeza kuandika asubuhi, mikono ikiwa safi, kabla ya kuanza. Ukurasa mzima. Halafu nikaenda kuifanya kazi niliyokwisha kuiandika.

Len alinikuta siku moja.

"Unafanya nini, bab?"

"Ninaandika."

"Ninaona. Umehamisha viti vingapi?"

"Bado."

"Humu umehamisha ishirini na sita."

"Nitahamisha ishirini na sita, Len. Umewahi kuniona nimebakiza?"

"Sijawahi." Akalifunga daftari taratibu. "Lakini hili si shuka la harusi. Lichafue. Mimi nikiona ukurasa msafi ninaogopa."

Nilimjibu ndiyo, kwa heshima. Alipostaafu mwaka 2010 nikashika nafasi yake, na nikaendelea kuandika asubuhi. Ningesema sikuwa na nia mbaya, na ni kweli. Nilikuwa na kiburi tu, na kiburi kilinitosha.

Mwadime aliugua figo. Aliipenda lifti yetu kuliko nilivyoipenda mimi, ingawa hakuwahi kuvaa skii hata mara moja. Kila tarehe 3 Mei, siku yangu ya kuzaliwa, alikuja na chupa ya chai, akapanda kiti hadi kileleni, akaketi kwenye benchi la kituo cha juu nikimaliza zamu. Kutoka pale yanaonekana maghorofa ya Castle Vale, na treni za Sutton zikipita kama vitoto vya nyoka. Alinionyesha njia za basi alizowahi kuendesha, moja moja, kila mwaka zilezile. Nilimsikiliza kana kwamba ni mara ya kwanza, maana na yeye alinisikiliza habari za beringi.

Jumanne, tarehe 12 Februari 2013, ilikuwa siku ya kuhamisha viti. Mlima ulifungwa. Nilifika saa moja asubuhi, nikaketi, nikaandika ukurasa wangu: mawingu, baridi, hakuna upepo, viti ishirini na sita vimehamishwa, vimekazwa kwa kipimo. Nikatia sahihi. Saa mbili na nusu simu ikalia. Ilikuwa hospitali alikolazwa Mwadime. Msaidizi wangu wa siku hiyo, mtu wa muda kutoka kwa wakala, hakuwa amefika bado. Nilifunga kibanda, nikamwachia ujumbe mlangoni kwamba arudi kwao, nikaondoka.

Mwadime alikuwa macho. Aliuchukua mkono wangu, akauweka puani kama alivyozoea nikirudi nyumbani, maana alisema mkewe ananukia kama gari jipya. Akanusa. Akafungua jicho moja.

"Leo hujagusa kazi, Mama Shali."

"Sijagusa."

"Basi kaa."

Nilikaa. Alifariki Jumanne iliyofuata, tarehe 19 Februari, saa kumi na moja alfajiri. Tulimsafirisha, tukamzika kwao Mgange, nikakaa na ndugu zake, nikarudi. Niliingia kazini Jumatatu tarehe 11 Machi. Kwenye meza ya kibanda daftari lilikuwa limefunguliwa ukurasa ule ule. Wenzangu walikuwa wameusoma na kuendesha lifti wiki nne, wakijua viti vimehamishwa.

Nilisimama mbele ya daftari lile nikiwa bado na koti. Nilichopaswa kufanya kilikuwa mstari mmoja wa wino. Lakini mkaguzi wa mwaka alikuwa anakuja Alhamisi. Ningelazimika kueleza kwa nini niliandika kabla ya kufanya, na tangu lini, na mara ngapi. Nilikuwa mjane wa wiki tatu. Watu walikuwa wakiniongelesha kwa sauti ya chini kama mtoto mgonjwa. Sikutaka kuwapa sababu nyingine ya kuniinamia. Nikajisemea kwamba zamu ijayo ya kuhamisha itafika kiangazi, nami nitaifanya kwa ukamilifu, na kamba itasahau. Niliifanya kiangazi, kwa ukamilifu. Tangu hapo niliandika jioni, kwa mikono michafu, kila mara. Ule ukurasa niliuacha ulivyo, safi, mzuri, wa uongo.

Miaka ikaenda. Len alifariki mwaka 2016. Abdi aliletwa kwangu mwaka 2014, kijana wa Garissa aliyepitia Uholanzi, mwenye Kiswahili kizuri na mdomo usiopumzika. Siku yake ya kwanza alisimama chini ya mlima akitazama.

"Mama Shali, hii nchi ni ya ajabu wallahi. Watu wanapandishwa juu kwa mashine ili waje chini wakianguka."

"Wewe shika kiti."

"Nashika. Lakini nikimwambia mama yangu kazi yangu, atasema nimeanza kunywa."

Akawa fundi bora. Nilimfundisha kijiti cha Len, nikampekua skafu, nikamwambia asitie sahihi kwa kitu ambacho mkono wake haukukigusa. Nilimwambia hivyo nikimtazama usoni.

Kufikia mwaka 2022 lifti ilikuwa imechoka. Doris alikuwa akichoma dizeli nyingi kuliko lori, na vipuri vyake havikutengenezwa tena popote. Wadhamini wanaosimamia mlima, kwa kuwa ni mali ya jumuiya, walikuwa na njia mbili: kung'oa kila kitu na kubaki na kamba ndogo ya kuvuta watu waliosimama kwa miguu yao, au kuifanya lifti upya bila kuitupa. Njia ya kwanza ingewafungia nje watu wa Alhamisi. Hao walikuwa walemavu wanaoteleza wakiwa wameketi kwenye vigari vya skii. Hawawezi kuvutwa wakisimama, wao ni kiti au nyumbani. Mimi na Abdi ndio tuliowapandisha. Kwa hiyo nilipigania njia ya pili kuliko nilivyowahi kupigania kitu chochote.

Mapendekezo tuliyapeleka kwa maandishi. Nguzo zibaki, na zege lake libaki, kwa kuwa kumwaga zege jipya na kuyeyusha chuma kipya ndiko kunakochafua hewa kuliko miaka mingi ya kuendesha. Doris apumzike, ije mota ya umeme inayopunguza mwendo yenyewe viti vikiwa vitupu. Fremu za viti zikwanguliwe kutu na zipakwe zinki. Mbao za kukalia, zilizooza, zitengenezwe kwa plastiki ya mazulia yetu wenyewe yaliyochakaa, ambayo tulikuwa tukiyalundika nyuma ya ghala. Grisi iwe ya mafuta ya mimea, maana mvua huisukuma hadi kwenye kijito. Mawazo ya mazulia na grisi yalikuwa yangu, na mwenyekiti alilisema jina langu mkutanoni. Kamba nayo ingebaki. Ilifungwa mwaka 2009, na kwa matunzo ya vitabuni ilikuwa na maisha mengi mbele. Mpango mzima ulitosha kwa uwezo wetu kwa sharti hilo moja: kamba isinunuliwe mpya.

Mhandisi alifika Jumatano, tarehe 11 Januari 2023. Aliitwa Harpreet, binti wa Handsworth, hana hata miaka thelathini na mitano, mwenye buti kubwa na maswali ya adabu. Alipitisha kifaa chake cha sumaku kwenye kamba, mzunguko mzima. Halafu akaketi kibandani na madaftari yangu, saa mbili, bila kunyanyua kichwa.

"Bi Wakesho," alisema hatimaye, "sijawahi kuona daftari kama hili. Hata hali ya hewa."

"Nilifundishwa hivyo."

"Nikueleze kwa nini nimefurahi. Kifaa changu kinaona waya uliokatika. Waya uliochoka hakiuoni vizuri. Kuna alama ndogo mahali fulani, inaweza kuwa kelele tu, yaani kosa la kifaa chenyewe. Kama kungekuwa na zamu iliyorukwa ningeifuatilia. Lakini hakuna. Umehamisha kila mara, miaka kumi na minne." Akatabasamu. "Daftari lako ndilo litakaloiokoa lifti hii."

Abdi alinipiga bega kwa furaha. "Umeona, Mama Shali? Kalamu yako!"

Nilisema ninakwenda kuangalia birika.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, binti yangu Shali alikuja kula kwangu. Ni muuguzi, anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, kama ninyi, kwa hiyo maneno yake ninayaweka mimi kwa Kiswahili. Nilimweleza. Alilaza uma.

"Mama, baba alikuwa anakufa. Hakuna mtu duniani atakayekulaumu."

"Ndiyo maana ni rahisi kunyamaza."

"Ni miaka kumi. Hakuna anayejua."

"Baba yako alijua. Alininusa mkono."

Halafu akauliza kama muuguzi, si kama mtoto: "Ingekuwa ni dawa ya mgonjwa, imeandikwa imetolewa na haikutolewa?"

"Ungefanyaje?"

"Unajua tayari, Mama. Usiniulize."

Nilijua. Nilijua pia kwamba nikisema, kamba itahukumiwa, na kamba ikihukumiwa mpango utavunjika, na watu wa Alhamisi watabaki nyumbani kwa sababu ya hati yangu nzuri. Nikinyamaza, wataendelea kuning'inia juu ya mahali ambapo mimi peke yangu ninapafahamu. Jumatatu, tarehe 16 Januari, saa mbili asubuhi, kabla Abdi hajawasha injini, niliutoa ufunguo kwenye mtambo, nikautia mfukoni, nikampigia Harpreet simu. Kisha nikamwambia Abdi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mimi nimepandisha watu kwenye hiyo kamba miaka tisa," alisema.

"Ndiyo."

"Nimempandisha mtoto wangu."

"Ndiyo, Abdi."

"Na wewe ulinifundisha nisisaini kitu sijagusa. Ulinifundisha wewe!" Alivua glavu, akaziweka mezani moja juu ya nyingine kwa uangalifu mwingi. "Mama Shali, mtu mwingine yeyote ningemwelewa."

Alikaa zaidi ya wiki saba bila kuniita jina lolote. Alifanya kazi, alijibu, alipitisha spana. Jina hakulitaja.

Harpreet alirudi na watu wawili. Kwa kuwa madaftari mengine yote yalikuwa ya kweli, niliweza kuwaonyesha hasa palipokuwa na kila kibano majira ya baridi ya 2013. Tulihesabu pamoja, mimi na yeye, kwa futi na chaki. Walifungua kamba kwa kabari za mbao, sehemu moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa nzima. Kwenye alama ya kiti cha kumi na saba, pale pale kifaa kilipoguna, nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika, tatu, ncha zake nyekundu kwa kutu. Harpreet alizigusa kwa kalamu.

"Hizi ndizo nilizoziita kelele," alisema.

Kamba ilihukumiwa siku ile ile. Alhamisi watu wetu walikuja kama kawaida, kwa kuwa barua ya kuwazuia ilichelewa. Waliketi mkahawani na vigari vyao, wakatazama viti vikiwa vimesimama. Mama mmoja aliyekuwa akija tangu mwaka 2005 aliniuliza itarudi lini. Nilimwambia sijui, nikamwambia pia kwa nini. "Basi niletee chai," alisema, nami nikamletea, wala hakunishukuru.

Wadhamini walikutana Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, saa sita mchana, katika chumba cha juu ya mkahawa. Nilikuwa na miaka sitini na minne. Nilivaa gauni la kanisani. Abdi alikuja kukaa upande wangu bila kuombwa, akasema kwa Kiswahili, chini chini, "Mama Shali, kaa wima." Lilikuwa jina langu.

Mwenyekiti, mama wa Kiingereza mwenye sauti ya ualimu, alisoma azimio. Lifti itafanywa upya, kwa mota ya umeme na kwa fremu zile zile. Kwa kuwa lazima inunuliwe kamba mpya na uwezo hautoshi kwa kamba ndefu, lifti itafupishwa: nguzo nne za juu zitaondolewa, viti vitabaki kumi na sita, na kituo cha kileleni kitabomolewa. Watu wa Alhamisi watapanda hadi katikati ya mlima. Nilisikiliza nikiliona benchi la juu, na kidole cha Mwadime kikinionyesha barabara zake. Nikasema moyoni: hilo nimelivunja mimi. Abdi Noor anateuliwa fundi mkuu. Na mwisho, kuanzia siku hiyo, jina la Bi Wakesho Mwadime linaondolewa, kwa ombi lake mwenyewe, katika orodha ya wanaoruhusiwa kutia sahihi daftari la matengenezo.

"Kuna pingamizi?" aliuliza.

Nilisimama.

"Kuna moja. Mmeandika kwa ombi langu. Mimi sikuomba."

Mwenyekiti aliondoa miwani. "Bi Wakesho, tulitaka kukupunguzia aibu. Umetumikia mlima huu miaka ishirini na moja."

"Ninafahamu, na ninawashukuru. Lakini sikuomba. Niliondolewa, kwa sababu niliandika kazi ambayo haikufanywa. Andikeni hivyo."

Wakatazamana. Harpreet, aliyekuwa pembeni, aliinamisha kichwa. Mwenyekiti alichukua kalamu, akayakata yale maneno manne kwa mstari mmoja, akaandika juu yake sababu kama nilivyoitamka, akaisoma kwa sauti, akanigeuzia karatasi. Niliisoma mara mbili, kwa kuwa ninasoma pole pole. Ilikuwa sawa. Nikatia sahihi, nikaandika tarehe, na saa: saa saba na dakika kumi mchana.